Aliyemrudishia Nyamizi Usingizi

Hapo zamani. Siyo zamani ile ya fisi kuoa na sungura kwenda kortini. Zamani hii ni ya juzijuzi tu, baiskeli zilikuwepo, kituo cha afya kilikuwepo, na wajinga walikuwepo kama kawaida. Endeleeni kumenya karanga. Mikono ifanye kazi, masikio yafanye kazi, midomo nimeiazima mimi mpaka nimalize. Na anayetafuna badala ya kumenya namwona.

Basi hapo zamani, katika kijiji cha Igombelo, upande wa Tabora kwenye misitu ya asali, aliishi mrina asali jina lake Mihambo. Huyo bwana nyuki hawakumtisha. Alipanda mti na moshi wake, akaingiza mkono mzingani mpaka kwapani, akashuka na masega, jicho moja limevimba na yeye anacheka. Mkewe aliitwa Nyamizi. Kama Mihambo alijulikana kwa asali, Nyamizi alijulikana kwa mdomo. Sisemi umbeya, nasema utani. Nyie mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mzaramo anaweza kukuita maiti mbele ya wakwe zako, akaondoka na jogoo wako, na huruhusiwi kununa. Dawa ni moja tu, umjibu. Na Nyamizi hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

Mtani wake mkubwa alikuwa Pazi, Mzaramo aliyekuja na treni miaka mingi nyuma, akabaki pale akitengeneza baiskeli. Kila asubuhi Pazi alipita uani kwa Mihambo na tusi jipya la utani. Kila asubuhi Nyamizi alimrudishia lenye uzito zaidi, na Pazi akaenda zake kazini ameinamisha kichwa, anatafuta la kesho.

Nyamizi akashika mimba, mimba ya kwanza. Wenzake mimba huwatamanisha udongo, wengine ndimu, wengine harufu ya mafuta ya taa. Yeye alitamani masega. Mihambo akafurahi ajabu. Ni mwanamume gani mwingine ambaye hamu ya mkewe iko juu ya mti wake mwenyewe? Akamletea masega asubuhi, akamletea jioni, na Nyamizi akawa analala na kipande shavuni. Sasa, nyuma kabisa, upande wa chini, kulikuwa na gego lenye tundu dogo. Gego likaanza kunong'ona. Halafu likaanza kusema. Halafu likapiga kelele.

Kliniki alikuwa anakwenda, msije mkasema hakwenda. Huko walimpima uzito, wakampima tumbo, wakamtazama miguu kama imevimba. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo, na yeye hakusema, kwa sababu alidhani jino na tumbo ni majirani wasiosalimiana. Akasukutua maji ya chumvi. Akabana karafuu. Shavu likavimba, likavimba tena, mpaka jicho la upande ule likawa linachungulia kwa shida. Mdomo ukakaza. Homa ikaingia. Nyamizi, yule Nyamizi, akawa haongei.

Mihambo akakimbilia dukani, kwenye duka lile linalouza sabuni, misumari na dawa kwenye rafu moja. Akarudi na vidonge vya rangi mbili. Hajafika mlangoni, mama yake akatokeza.

Mama yake aliitwa Bi Kalunde. Bi Kalunde alipewa sheria moja na mama yake, na yeye aliilinda nyumbani mwake kama askari wa getini. Jino la mjamzito haliguswi. Dawa ya jino mjamzito hanywi. Akivunja, mtoto atazaliwa hana meno. Akampokonya Mihambo vidonge, akavirusha uani kwa kuku. Kuku mmoja akaokota kimoja, akakitazama, akakitema. 

Siku zikapita, Nyamizi halali, anaguna. Mihambo naye halali, anasikia mguno. Asubuhi moja majirani wamejaa uani kumpa pole mgonjwa, Mihambo akasimama katikati, macho mekundu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Atakayemrudishia mke wangu usingizi, huyo ndiye atakayempa mtoto jina."

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Kalunde. Maana katika nyumba ile jina la mtoto wa kwanza hutolewa na mama wa mume, na jina lenyewe lilishajulikana, ni Kalunde. Bi Kalunde alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Halafu akaendelea kupepeta kwa nguvu, mpaka nusu ya mchele ikamwagika chini pamoja na pumba.

Ndipo akaja Pazi. Amebeba tyubu ya baiskeli begani na amefunga kichwani kitambaa cha kufiwa. Hakubisha hodi. Alikaa chini katikati ya ua, akanyoosha miguu, akaangua kilio. Akamlilia Nyamizi kwa jina, na Nyamizi amekaa palepale mkekani anamtazama. Akauliza matangani kutaliwa nini, akamkamata jogoo wa Mihambo akamfunga miguu, hiyo ikawa haki yake ya utani. Akauliza masufuria ya marehemu yanarithiwa na nani, yeye angependa lile kubwa. Kisha akachukua tyubu, akampima Nyamizi kuanzia utosini hadi kisiginoni kwa ajili ya kaburi. Akampima shavu. Akatikisa kichwa, akawatangazia majirani kwamba itabidi wachimbe pana, maana mwili utaingia lakini shavu litabaki nje.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mihambo mwenyewe alicheka, na alikuwa analia. Nyamizi alikuwa na majibu matano mazuri kooni, nawaambia matano, na hata moja halikupita. Alifungua mdomo, ukafunguka upana wa kidole kidogo, akatoa sauti kama ya mlango. Pazi akaweka mkono sikioni, akamwambia maiti hajibu. Hapo ndipo machozi ya Nyamizi yalipotoka. Maumivu alishayazoea. Kushindwa na Mzaramo mbele ya kijiji kizima, hapana.

Akasimama. Akaingia ndani, akatoka na khanga yake ya kutokea, akaielekea barabara ya kituo cha afya.

Bi Kalunde akasimama mlango wa ua, mikono kiunoni, mlango ukajaa. Akasema mkamwana wake haendi kung'olewa jino na mjukuu wake tumboni. Kicheko kikakatika. Pazi akavua kile kitambaa kichwani. Akamwendea yule mama na hakuwa anatania tena.

"Mama," alisema, "dada yangu alianza hivihivi. Shavu, halafu shingo, halafu pumzi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Na sisi tulikuwa na sheria kama yako. Huyu ninamlilia kwa utani, mama. Yule nilimlilia kweli."

Bi Kalunde akamtazama mkamwana wake, lile shavu, lile jicho. Kisha akaondoka mlangoni. Hakusema nenda. Alisema atakwenda nao, ili ahakikishe hakuna jino linalong'olewa.

Basi wakaondoka. Nyamizi kakaa upande kwenye karia ya baiskeli, Pazi anasukuma. Mihambo anasukuma yake, mama yake kakaa juu ya karia, mgongo umenyooka, anatazama mbele.

Kwenye kituo kile alikuwepo daktari wa meno, dada mmoja wa Kichaga, mwembamba, jina lake Aikande. Akamshika Nyamizi shavu kwa vidole viwili, akampima joto, akauliza mimba ina ukubwa gani. Akasema gego lazima litoke leo. Bi Kalunde akajitokeza mbele akaeleza sheria yake yote, kwamba wakiling'oa, mtoto atazaliwa hana meno.

"Mama," daktari akasema, "wewe umezaa wangapi?"

"Sita."

"Wangapi walizaliwa na meno?"

Bi Kalunde akahesabu kwa vidole, nadhani alitaka kuwa na hakika. Daktari hakumcheka. Alimwambia kwa upole kwamba usaha ukishuka shingoni utaziba pumzi ya mama, na ukiingia kwenye damu, mama na mtoto wako hatarini. Ganzi ya sindano anayoitumia, hata wajawazito huchomwa, na dawa zipo zinazowafaa. Kungoja mpaka ajifungue ndiko kusikofaa. Bi Kalunde akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akasema yeye hajakubali ila hajakataa.

Sasa sikilizeni vituko. Nyamizi alipokiona kile kiti, alipoliona lile koleo, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kusema hawezi. Akanyoosha kidole kwa Mihambo, akakinyoosha kwenye kiti. Wote wakaelewa. Akae yeye kwanza.

Mihambo akasema yeye haumwi. Nyamizi hakushusha kidole. Mihambo akatazama huku mke, huku mama, huku mtani anayemngoja kwa hamu. Yule bwana wa nyuki, jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Akakaa. Alidhani ni kukaa tu, wamwonyeshe mkewe kwamba kiti hakiumi. Daktari akamwambia afungue mdomo ili mkewe aone, akachungulia kwa kioo chake kidogo, akachungulia tena. Akamuuliza hili bovu huku nyuma limekuwepo tangu lini. Kumbe mrina asali naye analala na sega shavuni.

Mngefanya nini? Mbele ya mama, mke na Mzaramo? Mihambo akakubali. Akachomwa ganzi, na kabla koleo halijamgusa akapiga ukelele ambao uliwaondoa watu wote waliokuwa nje kwenye foleni ya sindano. Likatoka. Alipoliona mezani akashangaa, akasema hakusikia kitu. Pazi akasema sisi tumesikia.

Nyamizi akacheka kwa pua. Akapanda kwenye kiti mwenyewe. Daktari akamlaza ameelekea kidogo upande wa kushoto, akamkunjia khanga chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lisimkandamize. Akamwambia ataomba kitu kimoja tu, afungue mdomo. Ulikuwa unafunguka upana wa kidole kidogo. Nyamizi akafumba macho, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaufungua kidole kimoja, akaufungua viwili, machozi yanamtiririka masikioni, na bado anaufungua. Ganzi ikaingia. Usaha ukatoka na harufu iliyomfanya Pazi, mtu wa maneno yote, azibe pua kwa kile kitambaa cha kufiwa. Kisha gego likatoka.

Daktari akampa dawa za kumaliza nyumbani, akauliza kama kuna dawa nyingine alizokunywa. Mihambo, mdomo umepinda kwa ganzi, akaeleza habari za vile vidonge vya rangi mbili. Daktari akashtuka. Alisema vidonge vile vinaweza kumharibia mtoto rangi ya meno akiwa bado tumboni. Akauliza aliyevitupa ni nani. Bi Kalunde akainua kidevu polepole. Tangu pale mpaka leo hajakishusha.

Wakarudi taratibu. Njiani Pazi akachukua ile tyubu ya kaburi, akafungia nayo ile khanga iliyokunjwa kwenye tandiko la baiskeli, Nyamizi akaegemeza kichwa, akapitiwa na usingizi. Bi Kalunde hakutaka karia. Alitembea kwa miguu pembeni, amemshika mkamwana wake kiuno asianguke, mpaka nyumbani.

Nyamizi akapona. Miezi ikatimia, akajifungua salama mtoto wa kike, mzito, sauti kubwa. Hana meno, bila shaka. Siku ya kumtoa mtoto nje watu wakajaa, na Mihambo akakumbushwa ahadi yake.

Daktari Aikande, aliyealikwa, akasimama wa kwanza. "Mlizunguka nalo wiki nzima jino lile. Aliyeliondoa ni mimi, na usingizi uliingia njiani siku ileile. Mtoto aitwe Aikande. Jina ni langu."

Wakamwambia hiyo ni kazi yake, mshahara anapata. Akajibu kwamba mshahara ni wa kung'oa meno. Kumbembeleza mrina asali kwenye kiti hakumo.

Pazi akasimama. "Daktari angeng'oa nini, kama mgonjwa angebaki mkekani? Aliyemwinua ni mimi na kilio changu. Mtoto aitwe Chausiku, jina la dada yangu aliyekufa kwa jino. Jina ni langu."

Jirani mmoja akamkumbusha kwamba alikuja kwa ajili ya jogoo, na jogoo alimla. Pazi akasema ni kweli alimla, alikuwa mgumu.

Mihambo akasimama. "Kilio kilimfikisha kwenye chumba cha daktari. Kilichomfikisha kwenye kiti ni jino langu. Nani mwingine hapa ametoa kiungo cha mwili wake? Mtoto aitwe Asali. Jina ni langu."

Daktari akafumba macho. Wakamwambia Mihambo kwamba jino lilikuwa bovu, vidonge vilikuwa vyake, na asali yenyewe ndiyo iliyoanzisha yote. Akasema hata hivyo lilikuwa jino lake.

Bi Kalunde hakusimama, alikuwa amempakata mtoto. "Nyie mnagombea jino la mama. Meno ya mtoto nani aliyanusuru? Nilitupa vile vidonge. Na pale mlangoni, mngepita wapi kama nisingepisha? Kuivunja sheria ya mama yangu mnadhani ni rahisi? Mtoto aitwe Kalunde. Jina ni langu."

Wakamwambia alitupa vidonge kwa ujinga, hakujua vibaya na vizuri. Angevitupa hata vya daktari. Akasema angevitupa, ndiyo, lakini hakuvitupa, na mtu ahukumiwe kwa alichofanya. Wakamwambia basi tuhesabu na siku ulizomzuia. Akamfunika mtoto vizuri, akasema hasikii.

Wakabishana. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ndipo Nyamizi akasimama, na ule mdomo wake ulikuwa umerudi wote. Akaanza na Pazi, maana deni la utani lilikuwa kubwa. Akamshukuru kwa kumpimia kaburi, akasema ameliacha wazi kwa ajili yake, ila walipanue tena, maana Mzaramo huzikwa pamoja na maneno yake. Pazi akainamisha kichwa, na mnajua, alifurahi. Kisha Nyamizi akageuka kwa wote, sauti ikashuka.

"Mimi sikuwa na sauti, kila mtu akanisemea. Mmoja alisema jino haliguswi, mwingine akasema kaburi, mwingine akasema litoke leo. Mimi niliogopa kuliko nyote. Mama angekuwa sahihi, nani angeishi na mtoto aliyedhurika? Ni mimi. Daktari angekuwa sahihi na mimi nikakataa, nani angekufa? Ni mimi. Nikashika tumbo nikafungua mdomo. Ungebaki umefungwa, kilio cha mtani, jino la mume wangu, ruhusa ya mama na koleo la daktari, vyote vingeishia nje ya meno yangu. Jina ni langu."

Watu wakasema haya sasa, imekwisha. Haikwisha. Bi Kalunde akauliza swali moja kutoka pale alipokaa. Mihambo alisema atakayemrudishia mke wake usingizi. Je, mtu anaweza kujirudishia mwenyewe? Basi wakaanza upya.

Mpaka leo hawajamaliza. Mtoto sasa anatambaa. Ameota meno mawili ya chini, meupe, na Bi Kalunde humfungua mdomo kila mgeni akifika ili yaonekane. Meno anayo. Jina hana. Nyumba nzima wanamwita Wewe.

Sasa midomo nawarudishieni. Aliyemlilia, aliyetoa jino lake, aliyetupa vidonge na kupisha mlango, aliyeshika koleo, au yule aliyefungua mdomo? Jibuni upesi kabla karanga hazijaisha, maana juzi nimepita pale, mtu kaita "Wewe!" na mtoto ameitika. Je, nani alistahili kumpa jina?